Refa na King'ora cha Moshi

Katika nyumba moja yenye bati la kijani, cherehani huanza kulia asubuhi kabla chai haijapoa. Mwenye cherehani ni mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Hushona sare za shule, suruali za kazi na mapazia. Vumbi la vitambaa humkaa kwenye nywele, na nyuzi humfuata mpaka kwenye kikombe cha chai.

Mume wake ni mpaka rangi. Ukimpa mkono, utajua jana alipaka rangi gani.

Baba yake mume anaishi nao. Mzee huyo alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu kwa miaka ishirini na saba, na jina lake mtaani ni Refa. Amestaafu siku nyingi, lakini bado anatembea kama mtu anayefuata mpira, na bado hapendi kubishiwa.

Halafu yuko kitindamimba, msichana wa miaka mitano. Dada yake yuko shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani yeye ndiye mtoto, na yeye ndiye bosi.

Jumatatu moja Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akasikia sauti.

Pi!

Alisimamisha mkono. Kimya. Akaanza kushona. Baada ya dakika moja hivi, ikalia tena. Pi!

"Umesikia?" alimwuliza mume wake.

"Nimesikia. Ni nyenje huyo."

"Nyenje mchana kweupe?"

"Labda hajui saa," alisema mume wake, akaenda kazini.

Jioni waliamua kumtafuta nyenje. Walivuta kabati. Nyuma yake walikuta kitana, soksi moja, na mkasi mdogo.

"Ole wangu!" Fundi alisema. "Mkasi huu nilisema jirani ameondoka nao. Nimemnunia mama wa watu mwezi mzima!"

Mkasi ulipatikana. Nyenje hakupatikana.

Refa alikuwa amekaa kwenye kiti, anawatazama. "Mnatafuta nini?" aliuliza.

"Nyenje, baba. Kwani humsikii?"

"Namsikia," Refa alijibu upesi. "Namsikia sana. Yuko pale." Akaonyesha mlangoni.

Wakati huo huo sauti ikalia upande wa pili, kwenye korido. Hakuna aliyemjali Refa. Wote walikimbilia korido na fagio.

Siku ya tatu, kitindamimba alilala chali kwenye sakafu ya korido. Alitulia hapo muda mrefu, mikono kifuani, mpaka mama yake akaingiwa na wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Hapana. Mama, nyenje yuko juu. Ni mweupe, halafu ni mviringo."

Fundi aliinua macho. Kwenye dari kulikuwa na kitu kama sahani ndogo. Kilikuwa na rangi ile ile ya dari. Walikuwa wamepita chini yake kila siku bila kukiona.

Mpaka rangi alileta ngazi. "Kumbe hiki!" alisema. "Tulikikuta tulipohamia. Nilidhani kinafunika nyaya za umeme. Nimekipaka rangi pamoja na dari, mara mbili kabisa."

Alikifungua kwa kisu cha kukwangulia rangi. Ndani kulikuwa na betri ndogo ya mraba. Aliichomoa. Sauti ikakoma.

Refa alisimama na kunyoosha mkono juu. "Kadi nyekundu! Nje!"

Wote walicheka. Refa aliichukua ile betri, akaitia kwenye redio yake ndogo. Redio ilikohoa dakika mbili, ikafa. Kifuniko cha kile kitu kikabaki kinaning'inia darini, mdomo wazi.

*

Kesho yake alikuja mteja. Alikuwa mwanamke mrefu, jirani wa nyumba ya tatu, anayefanya kazi kwenye kikosi cha zimamoto. Watu wa mtaa humwita Afande. Suruali yake mpya ya kazi ilikuwa ndefu, na alitaka ikatwe.

Fundi alimsimamisha juu ya kigoda kwenye mlango wa chumba cha kushonea. Alipiga magoti, akaanza kubana pindo kwa pini.

"Usitikisike, Afande. Pini haina urafiki."

Afande alisimama wima kama mlingoti. Macho tu ndiyo yaliyotembea. Yalitembea ukutani, yakapanda, yakafika kwenye dari ya korido. Hapo yakasimama.

"Mama, kile kilichoachama pale juu ni nini?"

"Aa, kile? Kilikuwa kinatupigia kelele. Tumekitoa betri."

Afande akataka kushuka. Pini ikamchoma. "Aiii!"

"Si nimekuambia!"

"Basi nitasema hapa hapa nilipo," Afande alisema, huku anacheka kwa maumivu. "Mama, kile ni king'ora cha moshi. Wengine hukiita kitambua moshi. Kazi yake ni moja tu. Moshi ukiingia ndani yake, kinalia kwa sauti kali, ili mtoke kabla moto haujawafikia."

"Lakini hapakuwa na moshi. Kilikuwa kinalia pi, pi, pi, siku tatu."

"Pi moja moja si moto. Hiyo ni njaa. Kilikuwa kinasema betri yangu inaisha, nipeni nyingine. Mngempa betri mpya, angenyamaza."

"Nasi tukamnyang'anya hata ile kidogo aliyokuwa nayo," Fundi alisema polepole.

Refa alikuwa amesimama nyuma yao. Alisogea karibu, akamtazama Afande usoni. "Mwanangu, sisi tuna pua. Kukiwa na moto tutanusa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ukiwa macho utanusa. Ukilala, pua nayo inalala. Watu wengi hudhani moshi utawaamsha. Hauamshi. Ule moshi una sumu, unakuongezea usingizi. Nimefika kwenye nyumba ambazo watu hawakusogea hata hatua moja kutoka kitandani."

Fundi aliacha kubana pini. Alifikiria mlango wa chumba cha mtoto.

Refa hakukubali haraka. "Nyumba hii ina refa mmoja," alisema. "Kitu cha kukaa juu na kutupigia filimbi sikitaki."

Afande alifikiri kidogo. "Mzee, ulipokuwa uwanjani uliona kila kona?"

"Nani anaona kila kona? Haiwezekani. Nilikuwa na washika vibendera wawili."

"Walipoinua kibendera, uliwafukuza uwanjani?"

Refa alimtazama Afande, akatazama dari, akamtazama tena Afande. Kisha akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Umenifunga," alisema. "Bao safi. Haya, tuambie tufanye nini."

Pini zilipokwisha, Afande alipanda ngazi mwenyewe, akakishusha kile king'ora. Aliwaonyesha matundu ya pembeni. Rangi ilikuwa imeyaziba.

"Moshi ungeingilia wapi hapa?" aliuliza. "King'ora hakipakwi rangi, hata kidogo."

Kisha akakigeuza. Nyuma kulikuwa na tarehe ya kutengenezwa. Fundi aliisoma kwa sauti na kuhesabu kwa vidole. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu.

"King'ora kinaishi miaka kumi," Afande alisema. "Baada ya hapo hata ukikipa betri mpya, usikitegemee. Hiki kimefanya kazi yake. Nunueni vingine. Jumamosi sina zamu, nitakuja tuvifunge."

*

Jumamosi nyumba ilikuwa kama ina sherehe. Mpaka rangi aliweka ngazi katikati ya korido. Fundi alifunga cherehani. Kitindamimba alipewa kazi ya kushika skrubu, na alizishika kwa mikono miwili kana kwamba ni mayai.

"Tunaanzia jikoni," alisema Mpaka rangi. "Si ndiko kwenye moto?"

"Hapana, kaka," Afande alisema. "Ukikifunga juu ya jiko, kila ukikaanga kitunguu kitalia. Mwisho utachoka, utakitoa betri. Kiwe mbali na jiko, hatua tatu ndefu au zaidi. Bafuni pia usiweke, kwa sababu ya mvuke."

"Sasa wapi?"

"Mahali watu wanapolala. Kimoja kwenye kila chumba cha kulala, na kimoja kwenye korido nje ya vyumba. Kama nyumba ingekuwa ya ghorofa, kila ghorofa ingekuwa na chake."

"Na ukutani si rahisi zaidi?"

"Moshi unapanda juu. Kwa hiyo dari ndiyo bora. Weka katikati ya dari. Usikiweke kwenye kona, kwa sababu kona haipati hewa vizuri. Kutoka ukutani kiache nafasi isiyopungua rula ya shule. Pia usikiweke karibu na dirisha au feni, upepo utafukuza moshi kabla haujakifikia."

Mpaka rangi alipima kwa rula ya mtoto, akatoboa, akakaza skrubu. Waliweka cha kwanza kwenye korido.

"Sasa tukijaribu," Afande alisema. "Hapa katikati kuna kitufe. Ukikibonyeza kinalia. Lakini kabla ya hapo, mtu akisikia king'ora anafanya nini?"

"Anakimbia!" alisema kitindamimba.

"Anakimbilia wapi?"

Mtoto alifikiri. "Kwa mama."

"Na kama mama ameshatoka?"

Wote wakatazamana. Hawakuwahi kufikiria jambo hilo. Walikubaliana mahali pa kukutana: nguzo ya taa iliyo mbele ya nyumba. Kila mtu atoke, aende kwenye nguzo, asirudi ndani kwa sababu yoyote. Simu ya zimamoto ipigwe kutoka nje.

"Hata kama nimesahau simu ndani?" Fundi aliuliza.

"Utaomba ya jirani. Simu inanunuliwa, mama. Wewe hununuliwi."

Refa alisema atakuwa chumbani kwake akingojea. Mpaka rangi alibonyeza kitufe kwa mpini wa fagio.

Sauti ilipasuka. Fundi aliruka. Kitindamimba aliziba masikio, akapiga kelele za furaha na kukimbia nje. Mama na baba wakamfuata. Walifika kwenye nguzo wanahema na kucheka.

Afande alihesabu. "Mmoja, wawili, watatu. Mzee yuko wapi?"

Walingoja. Mlango haukufunguka.

"Amegoma," alisema Mpaka rangi. Alianza kukasirika. "Anafanya makusudi. Nilijua. Alikubali juu juu tu."

Afande alirudi ndani, akabonyeza tena kitufe, akafungua mlango wa chumba cha Refa. King'ora kilikuwa kinapiga kelele nyuma yake. Refa alikuwa amekaa kitandani, amewapa mgongo, anakunja mashati yake taratibu. Hakugeuka mpaka alipokiona kivuli cha Afande ukutani.

"Eh, mmeshaanza?" aliuliza.

King'ora kikanyamaza. Fundi na mume wake walikuwa wamefika mlangoni. Wameona kila kitu.

"Mzee," Afande alisema kwa upole, "tangu lini?"

Refa alikunja shati moja tena, ingawa lilikuwa limeshakunjwa. "Sauti nene nazisikia," alisema. "Zile nyembamba ndizo zimeondoka. Nadhani ni filimbi. Miaka yote ile, sikioni hapa. Ilianza nikiwa bado uwanjani."

"Mbona hukutuambia, baba?" Fundi aliuliza.

"Ningesemaje? Watu walinitukana miaka ishirini na saba kwamba refa haoni. Sasa niongeze kwamba hasikii?"

Mpaka rangi aliketi kitandani karibu na baba yake. "Mimi nilidhani unanidharau. Nikikuita unanyamaza."

"Na mimi nilidhani wewe umekuwa mtu wa kunong'ona."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, lakini wote walicheka, na Refa alijifuta macho kwa shati lililokunjwa.

"Hili lina dawa," Afande alisema. "Kwanza, uende kliniki ya masikio wakakupime. Pili, kuna ving'ora vinavyowasiliana. Kimoja kikilia, vyote vinalia. Kwa mtu asiyesikia vizuri kuna chenye taa inayomweka kama radi, na kidude cha kuweka chini ya mto. King'ora kikilia, kile kidude kinatetemeka."

"Kinatetemeka kiasi gani?"

"Utaona mwenyewe."

Vifaa hivyo vilipatikana wiki iliyofuata. Refa alilala kitandani kwa majaribio, akafumba macho. Mpaka rangi alibonyeza kitufe cha korido. Vyumba vyote vililia pamoja. Taa ikamweka, mto ukatetemeka, na Refa akainuka kama aliyekalia siafu.

"Huyu hataki mchezo!" alipiga kelele. Alifika kwenye nguzo amevaa kiatu kimoja na kukumbatia redio.

"Redio ya nini?" Afande aliuliza.

"Nusu fainali leo."

"Mzee, dakika uliyotafuta redio ni dakika uliyoupa moto. Rudia."

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu Refa alitoka mikono mitupu. Afande akasema jambo moja zaidi. Mtoto mdogo akiogopa hujificha chini ya kitanda. Lazima mtu mmoja awe na kazi ya kumchukua.

"Chumba changu ndicho kinachotazamana na chake," Refa alisema. "Hiyo kazi yangu."

Fundi alimtazama mtoto. Moyoni alikuwa na shaka.

*

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya kubonyeza kitufe. Refa aliandika kwenye kalenda ya ukutani, na akawa mkali kuliko Afande. Siku moja Fundi alisema watabonyeza kesho kwa kuwa ana wateja. Refa alikaa kwenye kiti cha wateja na kukataa kuondoka mpaka kitufe kilipobonyezwa.

Mwezi wa pili tangu kuvifunga, king'ora cha korido kilianza kulia ovyo. Hapakuwa na moshi. Fundi alimwita Afande.

"Ni vumbi la vitambaa," Afande alisema baada ya kukifungua. "Chumba cha kushonea kiko karibu. Kipanguse kwa brashi laini na kavu, hasa kwenye matundu. Usitumie maji wala sabuni. Nyumba nyingine hufanya hivi mara chache kwa mwaka. Wewe fundi wa nguo fanya kila mwezi, siku ile ile ya kitufe."

Siku nyingine mkate uliungua jikoni, moshi ukasambaa, na vyote vikalia. Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye ngazi. Akajizuia. Alihakikisha hakuna moto, akafungua madirisha, akapepea kwa taulo chini ya king'ora. Kikanyamaza chenyewe. Betri ilibaki mahali pake.

Pia walianza kulala milango ya vyumba ikiwa imefungwa. Afande aliwaambia kwamba mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi.

*

Ilikuwa alasiri ya siku ya kazi. Fundi alikuwa na majoho kumi na mawili ya kwaya, na yote yalitakiwa kesho. Kumi na moja yalikuwa yameshanyooshwa, yametundikwa sebuleni. Alikuwa anapiga pasi la mwisho. Mara umeme ukakatika.

"Sasa ndiyo nini!" alisema. Aliiweka pasi kwenye meza, juu ya kitambaa, bila kufikiri. Hakuchomoa waya. Akaenda uani kuanua nguo.

Refa alikuwa amelala chumbani kwake. Kitindamimba alikuwa amelala chumbani kwake pia. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa.

Uani alikuja jirani, yule mama wa mkasi. Walikuwa wamepatana zamani na sasa ni marafiki wakubwa. Mazungumzo yakanoga. Kimyakimya, umeme ukarudi.

Pasi ikaanza kupata moto. Kitambaa kilibadilika rangi, kikafuka moshi. Moto ukashika vipande vilivyokuwa chini ya meza, kisha pazia.

Moshi ulitoka chumba cha kushonea, ukapanda juu, ukatembea na dari ya korido. Ulikutana na king'ora. Vyote vikalia kwa pamoja.

Fundi aliangusha kapu la nguo. Alifika mlango wa nyuma, akaona korido nyeusi juu, kijivu chini. Mtoto! Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Jirani alimshika mkono.

"Si mlipanga? Mlisema nguzo! Zunguka nyumba, twende kwenye nguzo!"

Ndani, mto wa Refa ulitetemeka. Alifumbua macho, akaona taa inamweka ukutani. Hakutafuta viatu. Aligusa mlango kwa nyuma ya mkono. Haukuwa wa moto. Alifungua, akauona moshi umejaa sehemu ya juu ya korido. Akainama, akavuka kwa magoti mpaka mlango wa pili.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

Refa alilala kifudifudi na kuingiza mkono chini ya kitanda. Alishika mguu mdogo.

"Kipenzi, ni babu. Tunatoka kama tulivyofanya ile Jumamosi. Tambaa, nishike shati."

"Kuna kelele nyingi, babu."

Refa hakusikia neno hata moja, lakini aliona midomo ya mtoto ikitikisika. "Ndiyo, ndiyo," alisema. "Twende."

Walitambaa, mtoto ameshika shati la babu yake, mpaka mlango wa mbele. Refa aliufunga nyuma yao.

Fundi alizunguka kona ya nyumba. Aliogopa kutazama nguzo. Akatazama.

Refa alikuwa amesimama pale, peku, shati limechafuka. Begani mwake kitindamimba alikuwa anakohoa na kulalamika kwamba amesahau mwanasesere.

Fundi aliwakumbatia wote wawili pamoja na nguzo. Jirani alikuwa tayari ana simu sikioni, anawaelekeza zimamoto njia.

*

Gari jekundu lilifika upesi, na Afande alikuwa ndani yake. Aliruka chini.

"Ndani kuna mtu?"

"Hakuna," Refa alijibu. Alikuwa amemtazama midomo. "Wote wako hapa. Mwanangu yuko kazini."

Moto ulizimwa. Meza ya pasi, pazia na joho moja viliteketea. Ukuta wa chumba cha kushonea uligeuka mkaa. Cherehani ilipona, imejaa masizi. Majoho kumi na moja yalinuka moshi, lakini yalifuliwa. Kwaya iliimba kesho yake na mwimbaji mmoja amevaa koti, na wanasema yeye ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote.

Mpaka rangi alifika mbio, brashi ingali mkononi. Alihesabu watu wake, akahesabu tena. Kisha akaketi barabarani pale pale.

Fundi alikuwa analia. "Kosa langu. Sikuchomoa pasi."

"Umeme ukikatika, chomoa kwanza, ulalamike baadaye," Afande alisema, akimshika bega. "Hilo limeshafundisha. Lakini sikiliza, mama. Leo gari zima la zimamoto limekuja hapa, na hatukumwokoa mtu hata mmoja. Tumekuta wote nje. Unajua sisi tunapenda kazi ya namna hiyo kiasi gani?"

Wenzake wawili walipita na mpira wa maji. Wote walikuwa wanatabasamu.

Wiki mbili baadaye, ukumbi wa mtaa ulijaa. Afande alikuwa ameandaa mkutano kuhusu ving'ora vya moshi, na akamwomba Refa azungumze. Sasa Refa alikuwa na kifaa kidogo cha kusaidia kusikia kwenye sikio la kushoto. Alisimama mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimzomea uwanjani.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sisikii vizuri. Nililificha jambo hilo miaka mingi. Kama ningeendelea kulificha, leo mngekuwa mmekuja kwetu kwa jambo jingine. Kwa hiyo nawauliza wazi. Nani hapa nyumbani kwake kuna mtu asiyesikia vizuri?"

Mama mmoja wa makamo akainua mkono. Akafuata mzee muuza magazeti. "Kwangu ni mimi mwenyewe," alisema. Mikono ikaanza kuinuka huku na huku, mingine ya watu waliokuwa wameinamisha vichwa.

Mpaka rangi alikuwa nyuma na daftari, anaandika nyumba za kwenda kufunga ving'ora, moja baada ya nyingine. Kitindamimba alimvuta suruali.

"Baba, zote hizo tutaenda?"

"Zote."

"Basi mimi," alisema mtoto, "nitashika skrubu."